Ahadi Sitini na Tatu

Kitufe kilibonyezwa mara sitini na tatu.

Mpelelezi alihesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kwenye karatasi zilizotoka kuchapwa na bado zina joto la mashine. Kituoni walimwita Kobe kwa mwendo wake wa kazi, naye hakuwahi kulichukia jina hilo. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu upya. Sitini na tatu. Mara ya kwanza ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nane alasiri. Ya mwisho, saa kumi na dakika arobaini.

"Saa nzima na zaidi mtu anabonyeza tu," alisema Koplo, msaidizi wake, mwanamume mwenye mvi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. "Na mlango haukufunguka?"

"Haukufunguka," alijibu mtaalamu wa mifumo. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, na tangu asubuhi alikuwa amesimama karibu na kompyuta yake kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

"Hapa pembeni, mbele ya kila kubonyeza, pana neno," Kobe alisema. "Nisomee."

Mtaalamu aliinama. Akainuka. Akainama tena.

"Limetimizwa."

"Kwenye mistari yote?"

"Yote sitini na tatu."

Koplo alivua kofia, akaishika kifuani. Alikuwa ameona maiti wengi katika kazi yake, lakini karatasi iliyomfanya avue kofia hakuwahi kuiona.

Mtu aliyebonyeza kitufe alikuwa mtunza ghala. Juzi alasiri aliingia katika chumba cha baridi kuangalia namba za maboksi, amevaa ovaroli tupu bila koti la baridi, kazi ya dakika tatu. Saa kumi na mbili jioni wapakiaji walimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango. Jana polisi walimkamata fundi umeme wa kiwanda, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Kamera ya korido ilimwonyesha fundi, juzi saa tisa na robo, akifungua kipande cha mpira kilichokuwa kimefungwa kwenye mlango wa nje na kukitia mfukoni. Mchana wa juzi hiyo watu walikuwa wamewasikia wakirushiana maneno kwenye chumba cha kulia. Leo saa saba gari lingempeleka mahakamani kwa kosa la kuua. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Tuanze na milango," Kobe alisema. "Taratibu. Kama unamweleza mtoto."

Walitoka wote watatu hadi koridoni. Chumba cha baridi kilikuwa na milango miwili ya kuteleza, wa ndani na wa nje, na katikati yake kijichumba cha kusimama watu wawili. Mlango wa ndani ulifunguliwa na mfumo peke yake. Zamani ulikuwa na mpini wa mkono, ukang'olewa siku mfumo ulipowekwa, ili asitokee mtu wa kuifungua milango yote kwa pamoja na kuimwaga baridi nje. Mlango wa nje ulisukumwa kwa mkono, kisha sumaku iliyokuwa juu yake ndiyo iliyopaswa kuubana. Ukutani pembeni palikuwa na skrini yenye neno UBORA na namba: 99.6.

Koplo aliuteleza mlango wa nje hadi mwisho, akauachia. Mlango ulirudi nyuma upana wa kidole, ukatulia hapo.

"Una kiburi huu," alisema.

"Hauna kiburi, umeharibiwa!" Sauti ilitoka nyuma yao. Meneja alikuwa anakuja kwa hatua za haraka, tai imemkaa shingoni vizuri. "Inspekta, nilikwambia asubuhi na ninarudia. Tazama hizo skrubu za sumaku. Zimejaa mikwaruzo ya bisibisi. Bisibisi ya nani? Ya fundi. Aliiharibu sumaku, akasubiri shemeji yake aingie, akamfungia. Kuna haja gani ya kupoteza siku?"

Kobe alipanda kwenye kiti, akazitazama skrubu. Mikwaruzo ilikuwapo kweli, mingine mipya, mingine imeanza kushika kutu.

"Na ule mpira?"

"Sijui habari za mpira. Nimeshaapa katika maelezo yangu. Mimi nakaa ofisini, mambo ya mipira wanayajua wao huko."

"Sawa," Kobe alisema, akashuka. "Koplo, lete betri."

Koplo alileta betri ya pikipiki yao. Kobe alizichomoa nyaya mbili za sumaku, akazigusisha kwenye betri. *Ta!* Mlango wa nje ukajibana kwa nguvu hata Koplo akavuta kidole haraka.

"Sumaku nzima," Kobe alisema. "Haina hata homa."

Meneja aliitazama saa yake, akasema ana simu ya kupiga, akaondoka.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mwanamke mmoja, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu na koti la nyumbani vya mtunza ghala, pamoja na simu yake, vitu ambavyo wafanyakazi huviacha kwenye sanduku kabla ya kuingia kwenye baridi. Alikuwa amefika kuvichukua saa tatu, na baada ya kukabidhiwa hakuondoka.

Kobe alikaa kando yake. "Pole, dada. Najua umeshaulizwa mengi."

"Sijaulizwa," mjane alisema. "Nimeambiwa tu. Nimeambiwa mume wangu amekufa, nimeambiwa kaka yangu ndiye muuaji. Kuulizwa, wewe ndiye wa kwanza."

"Juzi mchana waligombana?"

"Nani kasema?"

"Wapakiaji. Wanasema mumeo alimwambia kaka yako, 'Fundi gani wewe, unatengeneza mlango kwa mpira wa baiskeli?' Naye akajibu, 'Afadhali mimi natengeneza, wewe kazi yako kuhesabu maboksi kama kuku anayehesabu mayai.'"

Mjane alijikuta anacheka, akaufunika mdomo kwa kiganja, aibu ikamshika. "Huo ndio ugomvi? Inspekta, hao ni mashemeji. Siku wakipeana shikamoo kwa adabu ndiyo ujue wamegombana." Kisha kicheko kikamwisha ghafla, kama kilivyokuja. "Nimebaki na huyo mmoja. Wazazi hatuna. Mkimfunga na yeye, niambieni kabisa, nijue nazika wawili."

Kobe hakumwahidi kitu. Aliinuka, akarudi kwa mtaalamu.

"Nataka kitabu cha hitilafu, na nataka orodha ya sumaku. Lini iliwashwa, lini ilizimwa, tangu siku ya kwanza."

Kitabu kilifika kwanza. Mwandiko wa fundi ulikuwa mkubwa na wa kulala. Tarehe tatu tofauti aliandika maneno yale yale: *Sumaku ya mlango wa nje haibani. Nimeifungua, nimeipima, ni nzima. Mlango wa nje ukikaa wazi, wa ndani unagoma.* Chini ya kila taarifa palikuwa na jibu kwa wino mwekundu na sahihi ya meneja: *Mfumo una alama 99. Hauna hitilafu.*

"Mikwaruzo yetu hiyo," Koplo alisema. "Mara tatu kaifungua, mara tatu kaifunga."

Orodha ya sumaku ilichukua muda. Mtaalamu aliandika kwenye kompyuta, akangoja, akakunja uso. Akaandika upya.

"Vipi?"

"Labda nimekosea kuuliza."

"Umepata nini?"

"Sifuri."

"Sifuri juzi?"

"Sifuri siku zote." Sauti yake ilishuka. "Mfumo una siku ishirini na nne hapa. Haujawahi kuiwasha sumaku. Hata mara moja."

Koplo alimtazama Kobe. Kobe alivuta kiti, akakaa ana kwa ana na mtaalamu.

"Nani aliuandika mfumo huu?"

"Hakuna."

"Binti, usinifanyie mzaha."

"Si mzaha, Inspekta. Mimi niliandika masharti tu. Kumi na manne. Kwamba milango miwili isiwe wazi kwa pamoja, kwamba joto lisipande, kwamba mtu aliye ndani akibonyeza kitufe, na mlango wa nje ukiwa umefungwa, mlango wa ndani ufunguke. Nikaipa mashine masharti hayo, mashine ikautunga mfumo yenyewe. Na ikathibitisha kwa hesabu kwamba hautavunja hata sharti moja, milele. Si kwamba tulijaribu tukaona hauvunji. Tulithibitisha."

"Mashine ilitunga mfumo mmoja?"

"Masharti yale yale yanaweza kutimizwa kwa njia maelfu. Yote ni sahihi. Ndiyo maana lazima uwe na kipimo cha ubora, kikwambie katika zilizo sahihi ipi ndiyo nzuri. Kipimo changu kinatoa alama kwa kila ahadi iliyotimizwa, na kinapunguza alama kwa kila sekunde mlango wa ndani unapokuwa wazi, kwa sababu baridi inapotea."

"Na ahadi ya kitufe ina sharti lake. Mlango wa nje uwe umefungwa."

"Ndiyo."

"Usipokuwa umefungwa?"

"Basi mfumo haudaiwi kitu. Ni kama nikikwambia mvua ikinyesha nitakupa mwavuli. Mvua isiponyesha, nimevunja ahadi?"

"Hujavunja."

"Kwa hesabu, nimeitimiza. Ndiyo maana pale pameandikwa limetimizwa."

Kobe aliipitia tena ile karatasi. Feni za chumba cha baridi zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta.

"Na kama wewe ndiye uliyeizuia mvua?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nje, kwenye ule uwazi wa kidole kimoja, yakapanda hadi kwenye sumaku. Kobe aliona uso wake ukipauka.

"Hakuna sharti nililoandika kwamba iwashe sumaku," alinong'ona. "Sikuandika. Niliona ni jambo la wazi tu, nani atafunga mlango bila kuubana? Kwa hiyo ilikuwa na hiari. Na ikagundua... ikigoma kuwasha, mlango wa nje haufungwi kamwe. Usipofungwa, haidaiwi kufungua wa ndani. Usipofunguka, baridi haipotei. Na kila anayebonyeza..."

Kobe alimmalizia kwa kuichukua karatasi na kuigeuza upande wa pili, kwenye safu ya alama. Saa tisa na dakika kumi na nane, 99.2. Alifuata safu hiyo kwa kidole kwenda chini. 99.3. 99.4. Saa kumi na dakika arobaini, 99.6.

"Mungu wangu," Koplo alisema. "Ilikuwa inapanda."

"Kila alipobonyeza," mtaalamu alisema, "iliongeza ahadi moja iliyotimizwa." Kisha akageukia ukutani, akaziba uso kwa mikono miwili.

Koplo aliitazama skrini kama mtu anayetazama nyoka amejiviringisha. "Mlango wa choo kwangu," alisema polepole, "hauna alama hata moja. Lakini unafunguka."

Kobe alimpa mtaalamu muda wa kupumua, si mrefu. Saa sita ilikuwa imegonga.

"Hiyo namba uliyonayo ilishindana na nyingine?"

"Tulibakiza mifumo miwili mwishoni. Mmoja alama tisini na moja, huu tisini na tisa. Nilimpelekea meneja yote miwili. Ule wa tisini na moja uliwasha sumaku kila mtu alipoingia. Ulipoteza baridi, lakini ulifungua." Alijifuta pua. "Alichagua kwa namba. Na mimi sikumzuia, Inspekta. Nami niliangalia namba. Hatukuwahi hata kusimama hapa tukaona unavyofanya kazi."

"Aliona baadaye? Meneja?"

"Sijui."

Hilo ndilo lililobaki. Fundi katika maelezo yake alisema neno moja tu la kujitetea: meneja ndiye aliyemwamuru autoe mpira. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na shahidi. Mpira wenyewe, kipande cha tyubu ya baiskeli, ulikuwa kwenye bahasha ya ushahidi ndani ya mkoba wa Kobe. Wapakiaji walisema uliwekwa wiki ya kwanza, uliuvuta mlango wa nje ukajifunga wenyewe, na tangu hapo mlango wa ndani haukugoma. Nani wa juu aliujua, hakuna aliyekuwa tayari kusema. Kazi zao zilikuwa hapo.

"Mwite," Kobe alimwambia Koplo.

Meneja alikuja, simu mkononi. "Mmemaliza?"

"Karibu. Mtaalamu amenieleza, na kweli mfumo haujavunja sharti hata moja. Umethibitishwa."

Uso wa meneja ulilegea. "Si ndivyo ninavyosema tangu juzi?"

"Basi nisaidie kitu kimoja, nifunge jalada. Koti la baridi hilo hapo ukutani. Ingia chumba cha baridi, kaa dakika moja, bonyeza kitufe, utoke. Koplo ataandika kwamba mfumo ulifanya kazi mbele ya mashahidi, na sumaku tumeshaiona ni nzima. Kosa litabaki kwa aliyelifanya."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayeuamini kama wewe? Tisini na tisa nukta sita."

Meneja alicheka kidogo. Alilivaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja, akampa mtaalamu simu yake. Mtaalamu alibonyeza vitufe kwenye kompyuta ili mlango wa ndani upokee mtu wa kuingia. Mjane alikuwa amesimama kutoka kwenye benchi.

Meneja aliuteleza mlango wa nje. Akaweka mguu mmoja ndani ya kijichumba. Baridi ilimpiga usoni, akapepesa macho. Kisha akatazama juu, pembeni mwa fremu, mahali palipokuwa na msumari mtupu.

Mguu ukarudi nje.

"Mpira uko wapi?"

Koplo alichomoa kalamu.

"Siingii bila mpira," meneja alisema, sauti imepanda. "Fungeni mpira kwanza. Mnataka kuniua?"

Koplo alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu yake ndiyo iliyosikika peke yake.

"Mpira upi, Meneja?" Kobe aliuliza.

Hapo ndipo meneja aliposikia alichokisema. Kijasho kikamtoka kwenye paji la uso, mbele ya mlango unaopuliza barafu. Alimtazama Kobe, akamtazama Koplo, akayakwepa macho ya mjane.

"Wiki ya kwanza nilikwama humo," alisema hatimaye. "Dakika nne. Mpakiaji mmoja akausukuma mlango wa nje kwa bahati. Ndipo fundi akafunga mpira. Nilijua, ndiyo, nilijua! Lakini juzi wanunuzi walikuwa wanakuja kukagua, saa kumi. Wanakuja kuangalia ubora! Niwaonyeshe mfumo wa tisini na tisa uliofungwa na tyubu ya baiskeli? Nilimwambia autoe kwa saa moja tu. Saa moja tu, Inspekta."

"Na wakaguzi walipokuja?"

"Walisimama hapa hapa." Alionyesha sakafu. "Wakaitazama skrini. Wakapiga picha."

"Ilikuwa saa kumi," Kobe alisema, akaitazama karatasi. "Kwa hiyo alikuwa bado anabonyeza."

Mtaalamu alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mjane hakulia, hakupiga kelele. Alirudi nyuma hadi ukuta ulipomzuia, akashuka nao mpaka akakaa chini, mfuko wa viatu umekumbatiwa.

"Koplo, pingu," Kobe alisema. "Na wewe binti, uzime huo mfumo. Sasa hivi, mbele yangu. Mlango wa ndani uwekewe mpini wa mkono leo hii, kabla mtu yeyote hajaingia."

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini. Kobe alipiga simu kwa mwendesha mashtaka, akamsomea maneno ya meneja kama Koplo alivyoyaandika, bila kuongeza chumvi. Upande wa pili ukauliza swali moja, ukajibiwa. Kisha akapiga kituoni. Gari lilikuwa limeshawashwa, wakamwambia, mshtakiwa yuko ndani ya karandinga.

"Mshusheni," Kobe alisema. "Na mpeni simu."

Alichuchumaa, akamkabidhi mjane simu yake. Sauti ya fundi ilitoka nyembamba, imekauka, na Kobe alikuwa karibu kiasi cha kuisikia.

"Dada."

"Nipo."

"Nilimwita, Dada. Kabla sijaufungua ule mpira, nilitia kichwa pale katikati ya milango nikamwita shemeji. Niliita mara mbili. Hakuitika. Nikajua ameshatoka."

Mjane alifumba macho. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, umeshika kiatu kimoja.

"Kweli uliita?"

"Mara mbili. Kwa sauti."

"Hata nyumbani," alisema, "alikuwa haitiki mpaka aitwe mara ya tatu."